Mgombea mwenza ni mtu asimamaye nyuma ya imamu

KWA jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema zinamstahiki Yeye peke yake, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na kila mwenye kuifuata njia yao kwa wema hadi Siku ya Malipo.



Ama baada ya hayo, ilikuwa alfajiri moja ya mwaka wa 23 Hijria katika mji wa Madina. Amirul-Muuminina Umar bin Khattab (R.A.) alipita baina ya safu kama ilivyokuwa ada yake, akiwataka watu wajipange sawasawa. Alipoona safu zimenyooka alisogea mbele na kufunga Sala. Hazikupita ila nyakati chache akachomwa kisu na mtumwa aliyeitwa Abu Luulua. Katika hali ile ya damu na maumivu Umar (R.A.) hakukubali Sala ya watu ivunjike. Alimshika mkono Abdurrahman bin Auf (R.A.), aliyekuwa karibu naye, akamtanguliza mbele ili awasalishe watu.

Habari hii ameipokea Imamu Bukhari kutoka kwa Amru bin Maimun, ambaye alikuwapo msikitini asubuhi ile. Anaeleza kwamba waliokuwa karibu na Umar waliona yaliyotokea. Ama waliokuwa pembezoni mwa msikiti hawakujua lolote, isipokuwa kwamba wameikosa sauti ya Umar, nao wakawa wanasabihi. Abdurrahman aliwasalisha Sala nyepesi, na Sala ikakamilika.

Ndugu msomaji, tuizingatie vyema hali ya wale waliokuwa pembezoni. Hawakumchagua imamu mpya wakati ule wala hawakupata nafasi ya kushauriana. Walichopata ni sauti ya pili baada ya sauti ya kwanza kukatika. Kusalimika kwa Sala yao kulitegemea jambo moja tu: je, aliye karibu na imamu anastahiki kuwa imamu?

Ndiyo maana katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, Mtume (S.A.W.) aliagiza kwamba wanaomfuatia kwa karibu katika safu wawe ni watu wenye akili na busara, kisha wanaofuatia, kisha wanaofuatia. Wanazuoni wametaja miongoni mwa hekima za agizo hilo kwamba imamu anaweza kusahau, akahitaji wa kumkumbusha. Anaweza pia kutokwa na udhu au kuugua ghafla, akahitaji wa kushika nafasi yake. Mahali pale si pa heshima kwa mzee mwenye mali wala si pa aliyewahi kutandika mswala wake. Ni mahali pa mtu ambaye maamuma wote watamfuata endapo jambo litatokea.

Katika nchi yetu mahali hapo panaitwa nafasi ya mgombea mwenza. Leo, kwa tawfiki ya Mwenyezi Mungu, tunakusudia kuizungumza nafasi hiyo, kwani ni jambo ambalo wengi wetu hulipitia juu juu kila msimu wa uchaguzi unapofika.

Nafasi yenyewe na historia yake

Kwa utaratibu uliokuwapo mwishoni mwa enzi ya chama kimoja, Jamhuri ya Muungano ilikuwa na Makamu wa Rais wawili, yaani Rais wa Zanzibar na Waziri Mkuu. Kila mmoja wao aliupata umakamu kwa sababu ya cheo chake kingine. Mfumo wa vyama vingi uliporejea mwaka 1992 lilizuka swali zito: itakuwaje iwapo Rais wa Zanzibar atatoka chama kimoja, na Rais wa Muungano akatoka chama kingine? Kwa Mabadiliko ya 11 ya Katiba, ya mwaka 1994, ikaamuliwa kwamba Makamu awe mmoja, naye achaguliwe pamoja na Rais kwa kura ile ile. Ukimpa kura mmoja umempa na mwenzake, wala huna njia ya kuwatenganisha.

Katiba ikaweka masharti mawili makubwa. La kwanza, katika ibara ya 47, ni kwamba Rais akitoka sehemu moja ya Muungano, Makamu atoke sehemu ya pili. La pili ni kwamba hawezi kuteuliwa kuwa mgombea wa umakamu ila mtu mwenye sifa zile zile za kuwa Rais. Sharti la kwanza kila mtu analijua na kulizungumza. Hili la pili, ambalo kwa mtazamo wetu ndilo zito zaidi, ni nadra kulisikia likitajwa majukwaani.

Makamu wa kwanza kupatikana kwa njia hiyo alikuwa Dk. Omar Ali Juma, aliyechaguliwa mwaka 1995 pamoja na Rais Benjamin Mkapa, na tena mwaka 2000. Alifariki dunia Julai 4, 2001, akiwa bado madarakani, na nafasi yake ikashikwa na Dk. Ali Mohamed Shein. Mwaka 2005 mauti yalikuja kabla hata ya kura. Jumbe Rajab Jumbe, mgombea mwenza wa CHADEMA, alifariki siku chache kabla ya Oktoba 30, na uchaguzi wa Muungano ukaahirishwa nchi nzima hadi Desemba 14. Wapo waliolalamika wakati ule kwamba kifo cha mtu wa pili katika chama cha upinzani kimeisimamisha nchi. Lakini sheria ilikuwa imeona mbali kuliko walalamikaji, kwani ilimhesabu mtu wa pili kuwa ni nusu ya chaguo la wananchi.

Kisha ukaja mwaka 2021. Rais John Magufuli hakuonekana hadharani tangu Februari 27. Nchi nzima ikawa kama wale waliokuwa pembezoni mwa msikiti wa Madina, haijui lolote ila kwamba imeikosa sauti. Usiku wa Machi 17, Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa ziarani Tanga, alitokea kwenye televisheni na kulitangazia taifa msiba. Haikuwa imetimia miezi mitano tangu Rais aapishwe kwa muhula wake wa pili. Siku mbili baadaye, Machi 19, siku ambayo ilikuwa Ijumaa kama leo, aliyekuwa mgombea mwenza aliapishwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano kwa mujibu wa ibara ya 37 ya Katiba, kwa muda wote uliobaki wa miaka mitano.

Mwandishi wa makala haya ana jambo la kukiri hapa. Mwaka 2015, jina la mgombea mwenza huyo lilipotangazwa Dodoma, tulikuwa barazani tukinywa kahawa. Mmoja wetu aliuliza iwapo kuna ubaya mwanamke kushika nafasi ile. Mwingine akajibu kwamba hilo si neno, kwani Makamu kazi yake ni kufungua semina na kuhudhuria mazishi. Tukacheka sote, nami nikiwamo, tukaendelea na habari za mgombea wa juu. Suala la mwanamke kuongoza dola wanazuoni wamelijadili kwa karne nyingi, na makala haya hayakusudii kulimaliza. Linaloniuma ni jingine. Sote pale barazani hatukujua kwamba tulikuwa tukimzungumza Rais. Tulimpitisha kwa kicheko mtu ambaye baada ya miaka sita angebeba amana ya mamilioni ya watu, wala hatukumuuliza swali hata moja.

Majirani nao wamepita njia hii

Si sisi peke yetu. Nchini Malawi, Joyce Banda alichaguliwa mwaka 2009 kama mgombea mwenza wa Rais Bingu wa Mutharika. Haukupita muda mrefu wawili hao wakafarakana, hata mwishoni mwa mwaka 2010 mama huyo akafukuzwa katika chama tawala, huku akibaki na umakamu kwa kuwa alipewa na wapiga kura. Rais alipofariki Aprili 5, 2012, walikuwapo wakubwa waliojaribu kumzuia Makamu asishike nafasi, na kwa muda wa siku mbili nchi ilikaa roho juu. Aprili 7 akaapishwa. Katiba ilisimama, Alhamdulillah, lakini ulikuwa ukingo wa shimo.

Zambia wao walikuwa na Makamu wa kuteuliwa na Rais, si wa kuchaguliwa na wananchi. Rais Michael Sata alipofariki Oktoba 2014, Makamu wake, Guy Scott, alikaimu tu. Hakuweza hata kugombea, kwa sababu Katiba ya wakati ule ilitaka wazazi wa mgombea nao wawe Wazambia kwa kuzaliwa au kwa nasaba. Ikalazimu nchi irudi kwenye kura Januari 2015. Mwaka 2016 wakabadilisha Katiba yao, wakaingiza mgombea mwenza kama tulivyo sisi.

Kenya nayo, kwa Katiba yake ya mwaka 2010, inamtaka kila mgombea urais ateue naibu wake kabla ya kura. Mwaka 2022 William Ruto alimteua Rigathi Gachagua, na wachambuzi wengi waliueleza uteuzi ule kwa hesabu ya kura za eneo la Mlima Kenya. Kura zilipatikana. Lakini Oktoba 2024, kabla ya muhula kufika nusu, Bunge la Taifa lilipiga kura ya kumwondoa, Seneti ikathibitisha, na Novemba 1 akaapishwa Kithure Kindiki. Hatuingii katika nani alikuwa na haki, kwani hilo lina mahakimu wake. Tunachosema ni kwamba hesabu ya kura humaliza kazi yake siku ya kura, ilhali watu wawili hao wanatakiwa waishi pamoja kwa miaka mitano.

Qurani na Sunna zinasemaje?

Neno letu la waziri limetokana na Kiarabu, na asili yake wanazuoni wengi wameihusisha na kubeba mzigo. Waziri ni mbeba mzigo pamoja na mwenzake. Kwa maana hiyo Nabii Musa (A.S.) alimwomba Mola wake ampe waziri, kama ilivyokuja katika Sura Taha kuanzia aya ya 29. Alimwomba Harun, ndugu yake.

Atatokea wa kusema: je, huu si ushahidi kwamba kiongozi amchukue mtu wa nyumbani kwake? La hasha. Tuitazame Sura Al-Qasas aya ya 34, tutaona sababu aliyoitoa. Nabii Musa alisema kwamba Harun ni fasaha wa ulimi kuliko yeye, na akataka awe msaidizi wa kumsadikisha. Alitaja upungufu wake mwenyewe, akamtaka mtu mwenye kile ambacho yeye hana. Isitoshe, hakumteua kwa uamuzi wake, bali alimwomba Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa yaliyomo vifuani, Naye ndiye aliyeitika ombi hilo. Ni wagombea wangapi leo wangethubutu kusimama mbele ya mkutano mkuu wa chama na kusema kwamba mtu huyu ninamtaka kwa kuwa katika jambo fulani ananishinda? Tunaloliona mara nyingi ni kinyume chake, yaani kutafutwa mtu mpole asiye tishio, ili kivuli chake kisije kikarefuka.

Kisha tumtazame Harun siku alipoachiwa watu. Katika Sura Al-Aaraf aya ya 142, Nabii Musa alipokwenda kwenye miadi ya mikesha arubaini alimwachia ndugu yake usia mfupi: ashike nafasi yake kwa watu, atengeneze mambo, wala asifuate njia ya waharibifu. Hayakupita majuma mengi watu wakatengeneza ndama na kumwabudu. Harun aliwakanya, nao wakamdharau, hata wakakaribia kumuua. Aliporejea Musa kwa ghadhabu, Harun alieleza kwamba alichelea kuambiwa amewafarakanisha Bani Israil. Mafunzo yaliyomo ni mengi, lakini kubwa ni hili: fitina haikungoja Musa arudi. Ilizuka pale pale alipokuwa mtu wa pili, kana kwamba watu walikuwa wakimpima. Mtu wa pili hupimwa hasa pale wa kwanza anapokosekana. Kama hana imani thabiti na moyo wa kukataa baya mbele ya umati, basi ndama watakuwa wengi.

Mtume wetu (S.A.W.) hakuwa akitoka Madina ila aliacha mtu. Aliwahi kumwachia Ibn Ummi Maktum (R.A.), ambaye alikuwa kipofu, awasalishe watu, wala upofu wake haukuhesabiwa kuwa ni kasoro katika amana. Mwaka wa 9 Hijria, alipotoka kwenda Tabuk, alimwacha Ali bin Abi Talib (R.A.). Ali alihuzunika, akauliza kama anaachwa pamoja na wanawake na watoto. Mtume akamtuliza kwa kumwambia kwamba daraja yake kwake ni kama ya Harun kwa Musa, isipokuwa hapana Nabii baada yake. Hadithi hii ni ya Bukhari na Muslim. Tuizingatie: aliyeachwa nyuma alidhani amepewa kazi ndogo, na Mtume akamfahamisha kuwa ni kazi ya Harun. Sisi pale barazani tulisema ni kazi ya kufungua semina.

Imepokewa pia na Abu Daud kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba Mwenyezi Mungu akimtakia kiongozi kheri humjaalia waziri mkweli, ambaye kiongozi akisahau humkumbusha, na akikumbuka humsaidia. Akimtakia kinyume cha hayo humpa waziri mbaya, ambaye hamkumbushi anaposahau wala hamsaidii anapokumbuka. Hapa umetolewa wasifu kamili wa Makamu katika maneno machache. Kwanza awe mkweli. Pili awe na ujasiri wa kukumbusha. Tatu asaidie. Mwenye kusaidia tu bila kukumbusha ni mpambe, na mwenye kukumbusha tu bila kusaidia ni mpinzani aliyekaa ndani ya nyumba.

Wanazuoni wetu waliipanga elimu hii zamani. Imamu Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria, katika kitabu chake cha hukumu za utawala aliwagawa mawaziri mafungu mawili. Wapo wa utekelezaji, ambao hufikisha amri na habari, na masharti yao ni mepesi. Na wapo wa kukabidhiwa mamlaka, ambao huamua mambo kwa niaba ya kiongozi. Kwa hawa alisema kwamba masharti yao ni yale yale ya kiongozi mkuu isipokuwa nasaba, akaongeza na sharti la ujuzi wa kazi wanazokabidhiwa. Takriban miaka 1,000 baadaye Katiba yetu inasema jambo lile lile kwa lugha nyingine, kwamba wa pili awe na sifa za wa kwanza.

Vipimo vyetu vibovu

Ndugu Waislamu, tuseme ukweli baina yetu. Jina la mgombea mwenza linapotajwa, swali la kwanza tunalouliza baada ya Sala ya Ijumaa ni hili: ni mwenzetu? Likijibiwa ndiyo, mjadala umekwisha. Likijibiwa siyo, mjadala umekwisha vile vile. Na yamkini majirani zetu Wakristo nao wana swali kama hilo wanapotoka ibada ya Jumapili.

Sisemi kwamba watu wa dini yoyote hawana haki ya kujiona katika uongozi wa nchi yao. Haki hiyo wanayo, na aliyewahi kubaguliwa hawezi kuambiwa afunge macho. Lakini tujiulize kwa insafu: kuanzia mwaka 2005 hadi 2015 Rais na Makamu wote walikuwa Waislamu, kwanza Rais Jakaya Kikwete na Dk. Shein, kisha Rais Kikwete na Dk. Mohamed Gharib Bilal. Suala la Mahakama ya Kadhi lilitajwa katika ilani ya chama chao ya mwaka 2005. Je, miaka 10 ilipokwisha lilikuwa limepata ufumbuzi tulioutaraji? Jina la Kiislamu katika karatasi ya kura halikutosha. Mwaka 2025 Rais Samia alisimama pamoja na Dk. Emmanuel Nchimbi, ambaye ni Mkristo kutoka Bara, katika uchaguzi ulioacha majonzi na makaburi katika familia nyingi, Mwenyezi Mungu awape subira waliofiwa. Hapo pia, mwenye kutazama dini ya mtu wa pili peke yake hajaona lolote kuhusu uwezo wake wa kubeba nchi.

Kipimo cha pili ni cha upande: huyu Mpemba, huyu Muunguja, huyu wa Kaskazini, huyu wa Ziwa. Kanuni ya Bara na Visiwani ni makubaliano ya Muungano, na Sura Al-Maida inaanza kwa kuwaamrisha walioamini watimize ahadi zao, basi na itimizwe. Lakini kanuni hiyo inakuonyesha mahali pa kutafuta, haikuambii umchukue yeyote utakayemkuta. Zanzibar haina uhaba wa watu wenye elimu na uchaji, na Bara vivyo hivyo. Anayesema tumemchukua kwa sababu ni wa upande ule amekamilisha nusu ya kazi akaondoka.

Kipimo cha haki kimetajwa katika kisa cha binti wa Madyan, Sura Al-Qasas aya ya 26, alipomshauri baba yake amwajiri Musa kwa kuwa mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Sifa ni mbili, nazo hazitengani. Abu Dharr (R.A.) alikuwa mwaminifu asiye na shaka, lakini alipoomba kupewa uongozi, Mtume (S.A.W.) alimwambia kuwa yeye ni dhaifu na kwamba jambo hilo ni amana, nalo Siku ya Kiyama ni hizaya na majuto ila kwa aliyelichukua kwa haki yake. Ikiwa Abu Dharr hakupewa kwa kupungukiwa na nguvu, vipi atapewa aliyepungukiwa na vyote viwili kwa sababu tu picha yake inavutia kura?

Na njia ya kumpata ni shura. Abu Bakar Swiddiq (R.A.), katika maradhi yaliyomwondoa mwaka wa 13 Hijria, hakumtaja Umar kwa ghafla ili watu wapige takbira. Alimwita Abdurrahman bin Auf akamuuliza, akamwita Uthman bin Affan akamuuliza, na wengineo. Wakaja waliolalamikia ukali wa Umar, akawasikiliza na kuwajibu. Katika vyama vyetu mara nyingi jina hutajwa na kupigiwa makofi katika kikao hicho hicho, na mjumbe aliyesafiri kilomita mamia hajapata hata muda wa kuuliza.

Familia ifanye nini?

Baba mwenye watoto wadogo anapohisi kwamba ajali yake imekaribia humtafuta wasii. Hamtafuti mwenye kuchekesha harusini wala hamwangalii mwenye nguo nzuri. Huuliza: huyu aliwahi kuachiwa mali ya yatima, na je, aliirudisha kamili? Mkewe anaweza kumweleza shida yake usiku? Akikosea, anakubali kuambiwa? Sura An-Nisaa aya ya 9 inawataka watu waogope kama ambavyo wangewahofia watoto wao wanyonge watakaowaacha nyuma. Basi mgombea mwenza ni wasii wa taifa. Tumuulize yale tunayomuuliza wasii wa watoto wetu.

Jina litakapotangazwa, kila nyumba ijiulize maswali matatu. Mtu huyu akiamka kesho akiwa Rais, tutalala kwa utulivu? Amana alizokwisha kushika huko nyuma, alizikabidhi vipi? Na je, kuna siku aliwahi kumwambia mkubwa wake kwamba amekosea? Wenye kadi za vyama wayaulize haya vikaoni mwao kabla ya kupiga makofi. Wasio na vyama wawatake wagombea wenza wasimame na kuzungumza, waulizwe na kujibu, wasiridhike na kupunga mkono juu ya gari. Tusiseme siasa haituhusu. Safu ikiwa mbovu, hasara ni ya maamuma wote, hata wa nyuma kabisa aliyekuja kwa kuchelewa.

Leo, inshallah, tutakapoingia msikitini, kila mmoja amtazame aliyesimama nyuma ya imamu. Kama ni mtu wa kustahiki, tumshukuru Mwenyezi Mungu. Kama siye, tuzungumze kwa adabu na kamati yetu ya msikiti, kwani asiyeweza kuipanga safu ya mtaa wake atawezaje kudai kuipanga ya nchi?

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie viongozi wetu wasaidizi wakweli, wenye kuwakumbusha wanaposahau na kuwasaidia wanapokumbuka. Azihifadhi nchi zetu na fitina, za dhahiri na za siri, na atupe sisi moyo wa kuitazama amana kwa jicho la amana. Amin.